Kihispania kwa Darasa la Tatu

Daftari lisubiri kwanza. Wiki za mwanzo nafundisha kwa mwili: nikisema «levántate» wanasimama, «siéntate» wanakaa, na anayekaa kabla sijatanguliza «Simón dice» (Simoni anasema) anatoka mchezoni. Kelele hapo hazizuiliki. Mwalimu wa darasa la jirani anivumilie tu.

Irabu zisikuumize kichwa, ni kama zetu. Kazi iko kwenye konsonanti: ñ isome ny, j iwe kh ya kheri, h usiitamke kabisa, kwa hiyo «hola» (hujambo) ni ola.

Jinsia za nomino usiwahutubie watoto. Bandika vikaratasi darasani, vyekundu kwa «la» (nomino za kike), vya bluu kwa «el» (za kiume): la mesa (meza), la puerta (mlango), el libro (kitabu). Mtoto akikosea, usimfokee. Rudia sentensi yake kwa usahihi, songa mbele.