Jinsi ya kuomba kibali cha kukata na kupasua miti ya shambani kwako

Kupasua mbao nyumbani kwa pawa, yaani msumeno wa mnyororo, ni kazi ya siku mbili au tatu. Karatasi zake zilinichukua siku kumi na moja, na hapo hakuna mtu aliyenizungusha. Naandikia wenzangu wa Kakamega, Vihiga, Bungoma, Kisumu na Nakuru wenye mikaratusi, migrivilea, saiprasi au lusiola (Wajaluo wanauita siala) shambani, na nyumba inayongoja paa.

Swali ninaloulizwa kila mara ni hili: kwa nini niombe ruhusa ya kukata mti nilioupanda kwa mikono yangu? Jibu langu ni kwamba mbao ikishapasuliwa haisemi ilikotoka. Lusiola ya shamba la Sabatia na lusiola iliyoibwa ndani ya Msitu wa Kakamega, ukizilaza pamoja kwenye pikapu, ni mbao moja. Kinachozitenganisha ni karatasi iliyoandikwa mti ukiwa bado umesimama. Tangu Februari 2018, serikali ya Kenya iliposimamisha ukataji katika misitu ya umma na ya jamii, macho yamekuwa makali hata kwa miti ya mashambani, na hayakulegea sana baada ya Rais kutangaza mwisho wa marufuku hiyo pale Molo mnamo Julai 2023. Ukiishi karibu na Mau, Mlima Elgon au msitu wa Kakamega, mlio wa pawa unasikika mbali na simu hupigwa haraka.

Kwanza hakikisha mti ni wako

Hapa ndipo nitakaa kidogo, kwa sababu maombi mengi huku kwetu hukwama hapa wala si kwa afisa wa misitu.

Mashamba mengi ya Magharibi bado yako kwa jina la baba au babu aliyefariki. Wewe umejenga hapo, unalima hapo, lakini hati inasema jina la marehemu. Kifungu cha 45 cha Sheria ya Urithi kinakataza mtu kuingilia mali ya marehemu bila idhini ya kisheria, na miti mikubwa iliyosimama kwenye shamba hilo ni sehemu ya mali hiyo. Ndugu mmoja tu akienda kulalamika, kazi inasimama na magogo yanaoza yakiwa chini. Njia safi ni kufungua faili ya mirathi mahakamani. Msimamizi akishateuliwa, yeye ndiye atakayetia sahihi barua ya maombi. Kabla ya hapo kaeni kikao cha familia, mama akiwepo kama yu hai, na dada zenu pia. Msiwaache dada eti kwa sababu wameolewa. Wao ni warithi sawa na nyinyi, na nimeona kazi ikisimamishwa na dada ambaye hakuna aliyekumbuka kumpigia simu.

Kama hati iko kwa jina lako, shukuru, kisha tembea mpakani. Mti uliosimama kwenye mpaka unahitaji jirani akubali kwa maandishi. Mti ulio kwenye hifadhi ya barabara si wako hata kama ua lako limeuzunguka. Mti wa kando ya mto pia uuache kwanza: kanuni zinalinda ukanda wa kati ya mita 6 na mita 30 kutoka ukingo, kulingana na upana wa mto, na afisa ataliangalia hilo. Ulio karibu na nyaya za stima usiguswe kabla ya watu wa umeme kuarifiwa.

Halafu aina ya mti. Mkaratusi, saiprasi na mgrivilea hazina maneno mengi. Msandali usiuombee kabisa; uvunaji wake ulipigwa marufuku mwaka 2007. Mwiritsa, ule ambao magome yake ni dawa, biashara yake inadhibitiwa kimataifa, kwa hivyo uutaje wazi kwa afisa na ukubali jibu atakalokupa. Miti ya kienyeji kwa jumla huulizwa maswali zaidi. Kumbuka pia kanuni za mwaka 2009 zinazomtaka mkulima abakishe miti katika angalau asilimia 10 ya shamba lake. Ukiomba kukata yote, utarudishwa.

Barua

Iandike mwenyewe, ukurasa mmoja. Kinachotakiwa ni idadi, aina, mahali na sababu. Yangu ilikuwa hivi, nikiondoa majina:

*Kwa Afisa wa Misitu wa Kaunti Ndogo, kupitia kwa Chifu wa Kata.*
*YAH: OMBI LA KUKATA NA KUPASUA MITI 6 SHAMBANI KWANGU*
*Mimi ni mmiliki wa shamba nambari …, kata ndogo ya …. Naomba ruhusa ya kukata migrivilea 4 na mikaratusi 2 niliyoipanda mwenyewe. Mbao zitapasuliwa hapo hapo shambani kwa msumeno wa mnyororo na zitatumika kuezeka nyumba yangu. Sehemu itakayobaki nakusudia kuiuza. Nitapanda miche 20 mahali pa hiyo iliyokatwa. Nimeambatisha nakala ya kitambulisho na ya hati miliki.*

Ule mstari wa kuuza usiuache kama kuna uwezekano wowote wa mbao kutoka nje ya boma. Aliyeandika "matumizi ya nyumbani" kisha akaonekana sokoni na mbao anajieleza kwa shida. Toa nakala tatu.

Mzee wa kijiji, naibu wa chifu, chifu

Anza na liguru, yaani mzee wa kijiji. Yeye ndiye anayejua nani alipanda nini na nani anagombana na nani, na chifu atamuuliza kabla ya kukuuliza wewe. Naibu wa chifu huandika kwamba anakufahamu na shamba halina mzozo. Chifu hutia sahihi na mhuri. Nenda asubuhi, siku isiyo ya baraza. Barua ya chifu bado si kibali. Inathibitisha tu kwamba mti ni wako. Watu wengi huishia hapa, wanaita fundi, na ndipo matatizo yanapoanza.

Ofisi ya misitu na ziara ya shambani

Peleka barua kwenye ofisi ya Shirika la Huduma za Misitu, KFS, ya kaunti ndogo yako. Uliza pia kama serikali ya kaunti ina fomu yake, kwa kuwa kilimo cha miti mashambani kimegatuliwa na kila kaunti ina taratibu na ada zake. Afisa atapanga siku ya kuja kuona. Siku hiyo uwepo mwenyewe, usimwachie kijana wa shamba.

Mti hupimwa unene wake kwenye usawa wa kifua, yaani mita 1.3 kutoka ardhini. Mimi nilikuwa nimefunga utepe mwekundu kwenye ile sita niliyoomba, na ukaguzi ukaisha kwa nusu saa. Zipige picha zikiwa zimesimama, shina na kilele. Picha hizo zilinisaidia baadaye.

Malipo ya serikali hupitia eCitizen au nambari ya Paybill 222222, ukiweka nambari ya ankara uliyopewa. Usimpe mtu yeyote noti mkononi, hata akisema ataenda kukulipia. Kibali kikitoka, kisome palepale ofisini: jina, nambari ya shamba, idadi, aina, tarehe ya kuanza na ya mwisho. Kosa dogo la tarehe hurekebishwa kwa dakika tano ukiwa ofisini. Ukiwa barabarani halirekebishiki.

Siku ya pawa

Fundi asianze kabla hajasoma kibali, na nakala ikae naye wakati wote wa kazi. Akipita njia ya msituni na msumeno wake bila ruhusa, hilo ni kosa jingine kabisa, kwa hivyo mwelekeze apite barabara kuu.

Kuhusu upasuaji wenyewe nitasema jambo linalohusu karatasi. Mnyororo wa pawa hula takriban milimita 8 kila unapopita, na ubao wa inchi moja ni milimita 25. Kwa hivyo kila mikato mitatu, umegeuza ubao mmoja kuwa vumbi. Fundi anayepasua kwa macho na uzi uliopakwa oili chafu hupoteza zaidi, maana ubao unatoka mnene huku na mwembamba kule. Tafuta mwenye fremu ya chuma inayofungwa kwenye msumeno, na mnyororo wa kupasulia, ulionolewa kwa pembe ya takriban digrii 10 badala ya 30 za mnyororo wa kukatia. Utalipa zaidi kidogo, lakini mbao zitakuwa sawa na idadi yake itakaribia ile uliyokadiriwa.

Idadi hiyo ndiyo nguzo ya hatua inayofuata. Kibali cha kukata huhesabu miti. Kibali cha kusafirisha huhesabu mbao. Anayeunganisha hesabu hizo mbili ni wewe. Nunua daftari la shule, na kila gogo likimalizika andika: mti wa ngapi, vipande vingapi vya inchi nne kwa mbili, vingapi vya sita kwa moja, urefu wa futi ngapi. Mabanzi yaandike pia kama utayauza. Visiki visifukiwe wala kuchomwa hadi mwisho wa kazi, maana vinahesabika.

Kama mbao zitatoka shambani

Rudi kwa afisa na daftari. Utahitaji cheti kinachoonyesha mbao zilitoka shamba gani, na kibali cha kusafirisha kinachotaja gari, dereva, mzigo, njia na tarehe. Kaunti nayo hutoza ushuru wake wa mazao. Risiti hiyo iende pamoja na karatasi nyingine. Safirisha mchana, kati ya saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni.

Mzigo wangu wa kwanza ulizuiwa kwenye kizuizi cha barabarani kwa sababu mvua ilinyesha, gari likakwama shambani, nasi tukaondoka kesho yake kwa kibali cha jana. Karatasi zote nyingine zilikuwa sawa. Nililala na mbao kando ya barabara, na asubuhi ndipo picha za miti na lile daftari vilipowaridhisha maafisa wa kizuizi. Tangu hapo, mvua ikinyesha siku ya safari napiga simu ofisini kuomba tarehe mpya kabla gari halijawashwa.

Wale ambao mbao zao hazitoki bomani hawahitaji hatua hii. Zipangeni kivulini juu ya vijiti, pakeni ncha rangi ili zisipasuke, hasa mkaratusi, na wekeni karatasi zote mahali pamoja hadi mbao ya mwisho ipigiliwe msumari. Ukibakisha mti mmoja kati ya ulioruhusiwa na tarehe ikapita, usiukate kwa kibali hicho. Beba nakala yake urudi kwa afisa uombe muda uongezwe.