Ukienda Osh, fuata ratiba ya tumbo

Wengi wakifika Kirgizistan, kule Asia ya Kati, wanaishia mji mkuu Bishkek na ziwa Issyk-Kul, mji wa Osh wanaupita tu wakikimbilia milima ya Pamir. Wewe upe hata siku mbili. Kutoka Bishkek panda ndege, haifiki saa moja angani. Barabara nayo ni zaidi ya kilomita 600 na inavuka milima ya mita 3,000 na kitu, macho yatafurahi ila kiuno kitakulaumu.

Kosa la wageni ni kuzurura mchana kutwa halafu usiku ndo waanze kutafuta plov. Plov inapikwa kwenye sufuria kubwa la chuma, kazan, na likiisha limeisha, so saa sita mchana uwe umeshakaa mezani. Ndio, ni ndugu wa pilau hata kwa jina, ila usitegemee mdalasini wala iliki, hapa ni kondoo, vitunguu, karoti nyiiingi zilizokatwa nyembamba ndefu, bizari nzima kidogo na vitunguu saumu vizima vimezikwa ndani ya wali. Ulizia mchele wa Uzgen, ule wenye wekundu kwa mbali, unalimwa hapo jirani tu.

Asubuhi je? Samsa. Haikaangwi kama sambusa, inabandikwa kwenye ukuta wa tanuri la udongo, ndani nyama, vitunguu na mafuta ya mkia wa kondoo. Usiivamie! Toboa juu kwanza mvuke utoke, mi niliingatia katikati kwa pupa mafuta ya moto yakashuka mpaka kwenye kiwiko na shati likawa limekwisha kazi.

Ukishashiba ingia soko la Jayma, liko kando ya mto Ak-Buura, ni refu mno na raha yake ni kupotea. Tafuta kofia za kalpak na onja kurut, vile vidude vyeupe vya maziwa ya mgando yaliyokaushwa, chumvi kama umelamba bahari lol. Beba som (hela ya huko) za karatasi, mama wa kurut hana mambo ya kadi.

Mlima Sulaiman-Too uko katikati ya mji kabisa, UNESCO waliuingiza kwenye orodha yao ya urithi wa dunia 2009. Panda jua likianza kupoa. Juu kuna kijumba cha ibada, cha kwanza alikijenga Babur 1497 kabla hajaenda kuanzisha dola ya Mughal kule India, kilichopo sasa kimejengwa upya. Njiani utaona jiwe limelainika kama kioo kwa watu kuteleza juu yake wakiombea mgongo au uzazi. Watu wanakuja kuomba dua pale, so vaa kiheshima na usimpige mtu picha bila kumuuliza.

Ukishuka, jitupe kwenye chaikhana, yaani mgahawa wa chai, uagize chai ya kijani. Mkate usiulaze kifudifudi, wanaona umeudharau. Na wakikumiminia chai kidogo tu kwenye bakuli lako la kunywea usinune, ndo heshima hiyo, wanataka wakuongeze tena na tena. Bakuli likija limejaa pomoni, anza kutafuta viatu vyako.