Namna ya Kuyatambua Majibu Madogo ya Maombi

Watu wengi wanaoomba kila siku hujibiwa mara nyingi bila kujua, na sababu kubwa ni kwamba wameshasahau waliomba nini. Ombi lilisemwa asubuhi kwa haraka, msaada ukaja kabla ya adhuhuri, na jioni mawazo yamehamia kwenye shida nyingine. Kwa hiyo kabla ya kulitafuta jibu, lijue vizuri ombi lako.

Liweke wazi. "Bwana, unibariki leo" ni sala njema, lakini jioni utasemaje kama imejibiwa? Mtumishi wa Ibrahimu katika Mwanzo 24, aliyetumwa kumtafutia Isaka mke, alitaja jambo lenyewe: binti atakayempa maji na kujitolea kuwanywesha ngamia wake pia. Hajamaliza kusema, Rebeka akatokea na mtungi begani. Yule mzee alimkazia macho, kimya, apate kujua kama Bwana ameifanikisha safari yake. Alipojua ni binti wa nani, aliinama akasujudu pale pale kisimani, na habari za posa bado hazijafikishwa nyumbani. Hakungoja mambo yote yakamilike ndipo ashukuru, na hapo ndipo wengi wetu tunapochelewa.

Sasa tafuta daftari dogo linaloingia mfukoni. Ukurasa wa kushoto ni wa maombi, wa kulia ni wa majibu. Andika maombi matatu kwa siku, yasizidi, maana yakifika kumi utachoka kabla wiki haijaisha. Moja liwe lako, moja la mtu mwingine, na la tatu liwe lile unaloona haya kuliomba kwa udogo wake. Kila ombi liwe fupi, lenye jina, jambo na siku. Kwa mfano, kushoto: "Jumanne. Bwana, kesho saa nne nina kikao kigumu na mkubwa wangu wa kazi. Nijalie ulimi mpole, nisipandishe sauti." Kulia, siku mbili baadaye: "Kikao kiliahirishwa hadi Alhamisi. Hasira ilikuwa imeshapoa. Tulielewana kwa robo saa." Kama si lile neno "ulimi mpole" kuandikwa, kuahirishwa kwa kikao kungeonekana kama usumbufu tu.

Jioni tenga dakika kumi. Ipitie siku saa kwa saa tangu ulipoamka, ukijiuliza: nilisaidiwa wapi bila mimi kupanga? Nani alisema neno nililolihitaji? Ni jambo gani nililoliogopa ambalo halikutokea? Hili la mwisho husahaulika kuliko yote, kwa sababu baya lisilotokea haliachi alama. Anza na shukrani, makosa yako yafuate baadaye. Ignatius wa Loyola, padre Mhispania aliyefundisha namna hii ya kujihoji katika karne ya 16, naye alitanguliza shukrani. Ukianza na makosa utajilaumu mpaka usingizi ukuchukue, na wema wote wa siku utapita bila kutajwa.

Mara moja kwa juma rudi nyuma usome kurasa zote za kushoto. Usiridhike kuandika "ndiyo" au "hapana" upande wa kulia, andika kilichokuja. Eliya, katika 1 Wafalme 19, aliomba afe. Alichopewa ni usingizi, mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji, kisha akaamshwa tena ale mara ya pili kwa ajili ya safari. Paulo alisihi mara tatu "mwiba" wake, taabu iliyomsumbua mwilini, umtoke, akaambiwa, "Neema yangu yakutosha." Ukitafuta tu kile ulichokitaja, chakula na nguvu ya kuvumilia vitapita mbele yako usivione. Hata kanisa lililokuwa likimwombea Petro aliyefungwa gerezani halikuamini kijakazi Roda alipokuja kusema Petro yuko mlangoni. Walimwambia ana wazimu.

Msaada ukija kwa mkono wa mtu, andika jina lake na umwambie asante. Kumshukuru Mungu huku ukimpita aliyetumwa ni kasoro ya adabu.

Wasiwasi mmoja humrudia karibu kila mtu: "Lingetokea tu hata bila kuomba." Huna haja ya kuthibitisha kwamba ni muujiza. Tunaomba, "Utupe leo riziki yetu," tukijua kabisa kuwa kuna mkulima na mpishi katikati. Kwamba njia inaeleweka hakumwondoi Mpaji.

Hatari iko upande wa pili, pale mtu anapoanza kuona ishara katika kila kitu. Tenganisha mambo mawili. Kushukuru kwa msaada uliokwisha kuupata hakuhitaji ushahidi mkubwa. Hata ukikosea, umemshukuru Mungu. Kuamua ndoa, kazi, matibabu au fedha ni jambo jingine, na sadfa ndogo haitoshi. Hapo pima kwa Maandiko, tafuta ushauri wa watu wazima katika imani, na dawa za daktari usiziache. Yule mtumishi wa Ibrahimu alikuwa ametumwa kwa maagizo kamili. Usichukue lile ombi lake la kisimani ukaligeuza kuwa desturi ya kumwekea Mungu masharti.

Pia chunga unapotoa ushuhuda. Aliyefiwa, au anayemuuguza mtoto, asisikie kwako kwamba Mungu amekuonyesha funguo zilizopotea. Ni kweli, na ni shukrani halali, lakini atakachosikia yeye ni kwamba wewe umekumbukwa na yeye amesahauliwa. Kaa naye, na jina lake liingie ukurasa wa kushoto.

Zitakuja wiki ambazo upande wa kulia ni mtupu. Andika "bado" na tarehe, usibuni jibu ili kuujaza. Zaburi ya 13 inaanza na "hata lini?" na ni sala kamili. Daftari likijaa, hamishia kwenye jipya kila ombi lenye "bado", kwa mkono wako, pamoja na tarehe yake ya kwanza. Unapoyanakili ndipo utakapogundua kuwa mengine yalijibiwa miezi iliyopita, na kilichobaki ni kujaza upande wa kulia.