Mambo ya Kuzingatia Kabla Dereva wa Wagonjwa Hajawasha Gari

Safari nyingi za wagonjwa zinazoharibika njiani huwa zimeanza kuharibika ofisini, kwenye ratiba. Dereva amepangiwa mgonjwa wa saa mbili asubuhi upande mmoja wa mji na mwingine wa saa mbili na robo upande wa pili, na hakuna aliyehesabu muda wa kumshusha mtu ngazi, kukifunga kiti chake na kumkabidhi kwa muuguzi. Anachofanya dereva huyo kinajulikana: atakimbiza gari, au ataacha kufunga mkanda mmoja. Kwa hiyo wewe uliyekabidhiwa usimamizi wa madereva wa hospitali, anza na karatasi ya ratiba kabla hujaenda kupiga teke matairi.

Ratiba ya wagonjwa huhesabiwa mlango kwa mlango. Kilomita ni sehemu ndogo tu ya hesabu. Mtu anayetembea mwenyewe, mwenye mkongojo, wa kiti cha magurudumu na wa machela wana muda tofauti kabisa wa kupanda na kushuka, na muda huo huongezeka kama nyumbani kuna ngazi au lifti mbovu. Panda gari na dereva siku moja, shika saa, uandike dakika za kila hatua. Ukirudi ofisini utapunguza safari mbili tatu kwenye zamu, na utakuwa na hoja ya kumweleza mkubwa wako kwa nini.

Wagonjwa wa figo wanaosafishwa damu kwa mashine wanastahili uangalizi wa pekee, kwa sababu wanasafiri mara nyingi kuliko wote na kuchelewa kwao kuna gharama isiyoonekana. Kwa kawaida huenda mara tatu kwa wiki, na kila mara hukaa kwenye mashine kama saa nne. Mashine hiyo inasubiriwa na mtu mwingine baadaye. Mgonjwa akifika amechelewa, dakika zake zinaweza kukatwa mwishoni, naye arudi nyumbani na maji na potasiamu ambavyo vilipaswa kutoka mwilini. Potasiamu ikizidi huvuruga mapigo ya moyo. Dereva akilijua hilo, kuchelewa kwa dakika ishirini hataliona tena kuwa jambo la kuomba radhi na kuendelea.

Safari ya kurudi ni ngumu zaidi, ingawa wengi huichukulia kuwa nyepesi. Aliyetoka kwenye mashine shinikizo lake la damu linaweza kuwa limeshuka. Akisimama ghafla anapata kizunguzungu. Pale sindano ilipotolewa panaweza kuanza kuvuja tena. Mfundishe dereva aingie ndani kumchukua, asipige honi nje. Amwache akae kidogo kabla ya kusimama, atembee ubavuni mwake, na atazame bandeji kabla ya kufunga mlango. Damu ikichuruzika, agandamize kwa kitambaa safi na amrudishe kwa muuguzi hapo hapo. Saa ya kurudi kwa wagonjwa hawa usiipange kwa dakika kamili. Weka nafasi, kwa sababu mashine na mwili havifuati ratiba yako.

Baada ya ratiba, mtazame dereva mwenyewe. Utafiti wa miaka ya 1990 ulionyesha kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo hufanya kazi kwa uzembe unaokaribiana na wa mwenye pombe ya asilimia 0.05 katika damu. Hesabu saa za kuwa macho, si saa za zamu peke yake: aliyeamka alfajiri kumuuguza mtoto, akaingia kazini jioni, ameshafika huko kabla ya usiku wa manane. Muulize pia kuhusu dawa, hasa za mafua na mzio, maana baadhi huleta usingizi mzito. Ila maswali haya hayatapata jibu la kweli kama kusema “nimechoka” kunamkata mtu posho. Tafuta kwanza njia ya kumpumzisha bila kumwadhibu, ndipo uulize.

Kuhusu mwendo, takwimu za Shirika la Afya Duniani ziko wazi: wastani wa mwendo ukiongezeka kwa asilimia 1, hatari ya ajali za vifo huongezeka kwa takriban asilimia 4. Mgonjwa aliyelala kwenye machela huumizwa pia na breki za ghafla na kona za kukatwa kwa kasi, hasa mwenye mfupa uliovunjika au mshono mpya. Shirika hilo hilo linasema dereva anayetumia simu ana uwezekano wa kupata ajali mara 4 zaidi. Hapa kuna jambo ambalo wasimamizi hawapendi kuambiwa: anayempigia dereva simu mara nyingi kuliko wote ni ofisi yake. “Umefika wapi?” ni swali linaloua. Kubalianeni kwamba ujumbe unatumwa, naye anausoma akiwa ameegesha.

Sasa oksijeni. Hapa sitaki mtu akisie, kwa sababu hesabu yake ni rahisi. Zidisha ujazo wa mtungi kwa shinikizo linalosomeka kwenye geji kwa kipimo cha bar. Mtungi wa lita 2 wenye bar 150 una oksijeni ya karibu lita 300. Mgonjwa akitumia lita 5 kwa dakika, hiyo ni saa moja. Safari ya dakika 40 inaonekana kutosha, mpaka ukumbuke foleni ya magari, kusubiri kitanda kwenye mapokezi, na akiba ambayo haipaswi kuguswa. Mimi nataka mtungi uwe na angalau mara mbili ya muda wa safari, na mtungi wa pili uwemo garini. Yote miwili ifungwe kwenye vishikio vyake, kwa sababu mtungi uliolegea huruka gari likigonga. Pasiwe na sigara wala mikono yenye grisi karibu na valvu. Kiwango cha lita kwa dakika ni agizo la daktari. Dereva asiyefunzwa wala kuruhusiwa asikiguse, hata mgonjwa akimsihi.

Kiti cha magurudumu nacho kina makosa yanayojirudia. Breki za kiti hazitoshi kukizuia ndani ya gari. Kinafungwa kwa mikanda minne, miwili mbele na miwili nyuma, kikitazama mbele, na ndoano zishike fremu yenyewe. Zikishika magurudumu, sehemu ya kukanyagia au ya kuegemeza mikono, vitang'oka. Kisha mgonjwa anafungwa kwa mkanda wake mwenyewe, tofauti na wa kiti: ule wa chini ulale juu ya mifupa ya nyonga, chini ya tumbo, wala usipite juu ya sehemu ya kuegemeza mikono ukabaki unaning'inia mbali na mwili, wa juu upite kifuani na begani bila kukata shingo. Njia nzuri ya kujua kama madereva wako wanaweza ni kukaa wewe kwenye kiti, ufungwe, uzungushwe mitaa kadhaa. Utatambua upesi ni mkanda gani umelegea na ni tuta gani linaumiza mgongo.

Gari lenyewe sitalizungumzia sana, kwa kuwa madereva wengi wanalifahamu kuliko msimamizi. Shinikizo la matairi lipimwe yakiwa ya baridi, na kina cha kashata, yaani meno ya tairi, kisifike chini ya milimita 1.6, ambacho ndicho kima cha chini cha sheria katika nchi nyingi. Mafuta, taa, tairi la akiba, jeki, kizima moto. Kama gari lina lifti ya kupandishia viti, ijaribiwe na kwa mkono pia, maana siku umeme wake utakapokatika, mgonjwa atakuwa anaelea katikati.

Maambukizi yanahitaji makubaliano na wodi kabla ya siku ya tukio. Dereva ana haki ya kuambiwa ajikinge vipi. Kuambiwa jina la ugonjwa si lazima kila mara, na siri ya mgonjwa inabaki siri. Kwa mwenye kifua kikuu kinachoambukiza, mgonjwa avae barakoa ya kawaida, walio naye wavae ya N95, ile inayochuja chembe ndogo za hewani, iliyowakaa vizuri, madirisha yafunguliwe na kipoza hewa kisizungushe hewa ile ile. Damu ikimwagika, vaa glavu, ifyonze kwa kitambaa cha kutupwa, kisha tumia klorini ya asilimia 0.5 uiache ifanye kazi kabla ya kufuta. Vyuma visuuzwe baadaye kwa maji safi kwa sababu klorini huvila. Na muda wa usafi huo uonekane kwenye ratiba, la sivyo hautafanyika.

Kumchukua mgonjwa asiyehusika ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Dereva akiuliza, “Wewe ndiye Mzee fulani?” mgonjwa aliyechoka au asiyesikia vizuri atajibu “ndiyo.” Afadhali aulize, “Shikamoo mzee, naomba jina lako kamili na tarehe ya kuzaliwa,” kisha alinganishe na karatasi. Asiyeweza kujieleza athibitishwe na muuguzi.

Kwa anayeruhusiwa kwenda nyumbani, wodi iulizwe mapema: nani atampokea, ufunguo anao nani, dawa zake zimefungwa, kuna ngazi ngapi? Mgonjwa haachwi getini. Akikuta mlango umefungwa na hakuna mtu, dereva anapaswa kujua kwamba ataipigia ofisi na kubaki naye, na kwamba hakuna atakayemgombeza kwa kuchelewesha safari inayofuata. Zamu ikiisha apite ndani ya gari kiti kwa kiti kabla ya kulifunga. Mtoto aliyelala au mzee mwenye usahaulifu hawezi kupiga kelele.

Lililobaki ndilo zito kuliko yote: hali ikibadilika njiani, nani anaamua? Andikeni pamoja na waganga orodha ya wasiosafiri na dereva peke yake: mwenye dripu inayoendelea, ambaye fahamu zake zinakuja na kupotea, mwenye maumivu ya kifua, aliyeanzishiwa oksijeni siku hiyo. Mpe dereva ruhusa ya maandishi kukataa kuondoka akimkuta mtu wa namna hiyo, hata aliyemwagiza akiwa daktari, na umsimamie siku atakapoitumia. Kwa anayezidiwa gari likiwa safarini, amueni sasa kama dereva atasimama asubiri msaada au ataelekea kituo cha karibu, na kwa barabara zipi. Kisha mpe namba moja ya simu ya kupiga. Ijaribu mwenyewe saa nane usiku, siku ya kazi na siku ya mapumziko. Isipopokelewa, safari za usiku zisubiri mpaka apatikane mtu wa kuipokea.