Kanuni za kombe zikibadilishwa, klabu ndogo ifanye nini
Aprili 2024, chama cha soka cha Uingereza kilitangaza kufuta mechi za kurudiwa baada ya sare katika Kombe la FA, kuanzia raundi ya kwanza ya msimu wa 2024/25. Klabu ndogo zililalamika, na zilikuwa na haki. Mwaka 2005 klabu ndogo ya Exeter City ilitoka sare 0-0 Old Trafford, uwanja wa Manchester United, na mapato ya mechi ya kurudiwa yakaisaidia kupunguza madeni.

Pendekezo kama hilo likifika huku kwetu, klabu ya daraja la chini ya Kisumu au Kakamega isikimbilie redioni. Ianze na daftari: kiingilio, nauli ya matatu, marefa, ambulensi, kukodi uwanja. Tenganisheni mechi za nyumbani na za ugenini. Hapo ndipo hesabu huharibika: mapato hutajwa, gharama husahaulika, na hoja nzima huanguka kwa swali moja.

Kisha klabu jirani zitie sahihi barua moja. Tajeni kifungu kinachobadilishwa na mtoe mbadala, mathalani timu ya daraja la chini iwe mwenyeji kila mara. Pelekeni nakala mbili kwa waandaaji wa kombe. Mtakayobaki nayo igongwe muhuri wa kupokelewa. Barua ikifika baada ya droo ya kupanga mechi, imechelewa.