Kabla hujamtoa mtoto shule, itazame nyumba

Mzazi mwenzangu wa ughaibuni akiniambia anataka kuwasomesha watoto wake nyumbani, swali lake la kwanza huwa ni anunue vitabu gani. Mimi humuuliza anaingia zamu saa ngapi, nani anapika, na nguo zinafuliwa lini. Hudhani nakwepa swali. Familia ninazozijua zilizoanza kwa ari kisha zikawarudisha watoto shule baada ya miezi michache hazikushindwa na hesabu za sehemu. Zilishindwa na sinki lililojaa vyombo, mzazi aliyetoka kazini alfajiri hana hata nguvu ya kuvua viatu, na mtoto mchanga anayelia kila mkubwa anapofungua daftari.

Lakini hata sinki linatanguliwa na sheria, na ya binamu yako wa nchi ya jirani haikuhusu. Ujerumani mtoto lazima aende shule. Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu ilikataa malalamiko ya wazazi waliopinga hilo mwaka 2006, na mwaka 2019 iliona serikali haikuvunja haki za familia moja ambayo watoto wake waliondolewa nyumbani kwa wiki tatu kwa sababu hiyohiyo. Ukiishi huko, mwongozo huu usome kwa ajili ya jioni na likizo tu. Uswidi nayo, kwa sheria ya elimu ya 2010, huruhusu pale tu penye mazingira ya pekee kabisa, na imani ya wazazi haihesabiki kuwa mojawapo. Ufaransa zamani ulitoa taarifa ukaendelea na shughuli zako. Tangu Septemba 2022 unaomba kibali, na sababu zinazokubalika zimeorodheshwa.

Uingereza ni rahisi zaidi, ila ina mitego. Sheria ya 1996 inayotumika England na Wales inamtaka mzazi ahakikishe mtoto anapata elimu inayomfaa, kwa kuhudhuria shule au kwa njia nyingine, na hilo “kwa njia nyingine” ndilo mlango wetu. Kama mtoto tayari yuko kwenye shule ya kawaida, unamwandikia mwalimu mkuu barua kwamba unamwondoa, na unabaki na nakala. Usiache tu kumpeleka: mtoto asiyefika bila barua ni mtoro kwenye vitabu vyao, na faini inaweza kukufuata. Akiwa shule ya mahitaji maalumu iliyopangwa na halmashauri, au ukiwa Scotland na mtoto yuko shule ya umma, unahitaji kwanza ridhaa ya halmashauri. Marekani inaruhusiwa majimbo yote, lakini jimbo na jimbo ni mbingu na ardhi. Texas hakuna taarifa unayodaiwa na jimbo. New York unapeleka kusudio lako kwa maandishi, mpango wa masomo wa kila mtoto, ripoti nne kwa mwaka, na hesabu ya saa: 900 kwa darasa la kwanza hadi la sita, 990 kwa la saba hadi la kumi na mbili. Australia unajisajili kwa jimbo lako. Soma tovuti ya ofisi ya elimu ya pale unapoishi. Kundi la WhatsApp litakupa moyo, halitakupa sheria.

Sasa turudi kwenye sinki.

Wiki yetu ya kwanza nilitundika ukutani ratiba ya rangi nne, vipindi vinane, na kengele ya simu kati ya kipindi na kipindi. Ilidumu siku tisa. Siku ya kumi binti yangu alikuja jikoni akaniuliza, kwa adabu kabisa, kama anaweza kuzungumza na mama kidogo, siyo na mwalimu. Ratiba niliishusha jioni ileile.

Nilichojifunza ni kwamba siku ya nyumbani hushikwa na nguzo mbili tatu tu, na nguzo zenyewe si masomo. Kwetu ni chai ya asubuhi, chakula cha mchana na usingizi wa mdogo. Baada ya chai vyombo vinaoshwa kabla daftari lolote halijafunguliwa, kila mtu na kazi yake, maana meza ya kulia ndiyo dawati na haitafanya kazi zote mbili ikiwa na makombo. Kutoka hapo hadi mchana ni masomo yanayotaka kichwa kizima: kusoma, kuandika, hesabu. Mdogo akilala, ninakaa na mkubwa kwa lile somo gumu ambalo haliwezi kusubiri. Mchana ukishapita hakuna daftari. Ni nje, maktaba, michezo, kazi za mikono. Saa kamili siziandiki popote. Chai ikichelewa, kila kitu kinachelewa nayo na hakuna anayegombezwa.

Usiogope kwamba muda ni mfupi. Darasani mwalimu ana watoto thelathini, na sehemu kubwa ya siku huishia kwenye kutulizana, kupanga foleni na kusubiriana. Mtoto wa miaka sita au saba akikaa na mtu mzima mmoja kwa saa moja na nusu ya kazi ya kweli, iliyokatwa vipande vya dakika kumi na tano au ishirini, mimi naona imetosha. Wa miaka kumi na miwili atahitaji saa tatu au nne, na nyingi kati ya hizo awe anajisomea mwenyewe. Kama jimbo lako linahesabu saa, kumbuka kwamba ziara ya makumbusho, majaribio ya sayansi jikoni, mazoezi ya viungo na kitabu kilichosomwa kwa sauti navyo ni elimu; viandike siku hiyohiyo, kwa sababu mwezi ukiisha hutakumbuka.

Ukiwa na watoto wa umri tofauti, usifundishe shule tatu kwa wakati mmoja. Hesabu na kusoma, kila mmoja na kiwango chake. Historia, jiografia, sayansi na hadithi zinasomwa pamoja, kisha mdogo anachora alichosikia, wa kati anaandika sentensi tatu, mkubwa anaandika ukurasa. Kila mtoto awe na kikapu chake chenye vitabu, kalamu na mkasi wake, na kikapu kirudi chini ya rafu kabla ya chakula cha mchana. Naomba uamini habari ya mkasi: nusu ya ugomvi wa nyumba yetu ilikuwa ya mkasi mmoja.

Zamu ni jambo ambalo miongozo ya wenyeji huligusa juujuu, kwa sababu nyingi imeandikwa kwa nyumba ambazo mzazi mmoja yupo mchana kutwa. Kwetu wengi tuko kwenye kutunza wazee, hospitali, maghala na usafirishaji. Habari njema ni kwamba England, kwa mfano, hulazimiki kufuata saa za shule, mihula yake wala mtaala wa taifa, hivyo masomo ya saa kumi jioni au ya Jumamosi ni masomo halali. Mzazi wa zamu ya usiku achukue jioni kabla ya kwenda kazini, awe mwalimu wa somo moja tu analolimudu, na asubuhi alale. Akilala, lazima awepo mtu mzima mwingine aliye macho. Hapa sina simile: mtoto wa miaka minane si mlezi wa mdogo wake, na nchi nyingi tunazoishi hulitazama jambo hilo kwa jicho kali kuliko tunavyodhani. Kama mko wazazi wawili na zamu zenu zinagongana wiki nzima, au uko peke yako na kazi ya usiku, kwa maoni yangu shule ya jirani ni bora kuliko nyumba isiyo na mtu aliye macho. Badilisha zamu kwanza.

Na piga hesabu ya fedha bila kujidanganya. Mara nyingi mshahara mmoja unapungua. Chakula cha bure alichopata mtoto shuleni kinakoma, umeme na joto la nyumba vinatumika mchana kutwa, na karatasi za printa zinakula pesa kimyakimya. Sisi tuliacha kuchapisha. Tunanakili kwa mkono au tunaandika kwa kalamu ya kufutika juu ya karatasi iliyovikwa plastiki. Maktaba ya mtaa ndiyo iliyotubeba.

Kuna vitu ambavyo shule huvifanya bila wewe kujua, na ukimtoa mtoto unabaki navyo mkononi. Chanjo ni kimojawapo: England ile ya HPV, kirusi kinachoweza kuleta saratani ya shingo ya kizazi, hutolewa shuleni mtoto akiwa na miaka 12 au 13, na anayesoma nyumbani hupewa kliniki, mzazi akifuatilia. Kupima macho ni kingine. Mwanangu aliyekuwa akichukia kusoma alihitaji miwani, basi. Halafu kuna jua. Huduma ya afya ya Uingereza inashauri watu wenye ngozi nyeusi wafikirie kutumia vitamini D, mikrogramu 10 kwa siku, mwaka mzima, na mtoto anayeshinda ndani majira ya baridi yumo kwenye ushauri huo. Muulize daktari wako kipimo cha mtoto. Kutoka nje kila siku, hata kwa nusu saa ya mvua, ni sehemu ya ratiba, tena kwa mnaoishi ghorofani ni zawadi kwa jirani wa chini.

Faida ambayo sikuitarajia ni Kiswahili. Mtoto anayeshinda shule hurudi na Kiingereza, Kijerumani au Kinorwe mdomoni, na jioni haitoshi kumrudisha. Nyumbani una mchana mzima. Usianze na jedwali la ngeli; utaua lugha mezani. Chagua shughuli ambazo ni za Kiswahili tu: kupika, kufulia, kutafuta viatu. Mtoto husikia “kiatu kimoja, viatu viwili” mara hamsini kabla ya kuambiwa kwamba kuna ngeli. Saa ilitusumbua kuliko yote. Kueleza kwamba saa ileile inayoandikwa tisa huitwa saa tatu kulichukua wiki mbili, mpaka tulipochora saa ya karatasi yenye tarakimu za ndani na za nje, tukaanza kuhesabu kutoka macheo. Bibi naye akapewa kipindi: dakika ishirini za simu ya video mara tatu kwa wiki, wajukuu wakimsomea yeye, na yeye akisahihisha matamshi bila huruma. Taasisi ya Elimu Tanzania ina maktaba mtandao yenye vitabu vya kiada, na sehemu kubwa ya vile vya shule ya msingi vimeandikwa kwa Kiswahili. Kwa mwenye mpango wa kurudi, hapo pia ndipo pa kuona wenzake wa darasa lake wamefika wapi.

Mitihani ianze kufikiriwa mapema, mtoto akiwa na miaka 12 hivi. Kwenye mfumo wa Uingereza atafanya kama mtahiniwa wa kujitegemea, na wewe ndiye unayetafuta kituo kitakachompokea na kulipa ada zote. Si kila kituo hupokea, kwa hiyo uliza mwaka mmoja kabla. Familia nyingi huchagua IGCSE, mitihani ya kimataifa ya sekondari, kwa sababu masomo yake mengi hayana kazi ya darasani inayotaka mwalimu wa kuisahihisha, na kwa sayansi bodi ya mitihani ya Cambridge ina karatasi ya maandishi mbadala wa maabara. Marekani mzazi huandaa mwenyewe nakala ya matokeo ya sekondari, na vyuo hupokea, mara nyingi pamoja na alama za SAT, mtihani wa kuombea chuo, au masomo ya chuo cha jamii. Mkirudi Tanzania, Baraza la Mitihani hupokea watahiniwa wa kujitegemea, na ambaye hakupita sekondari huanzia kwenye Mtihani wa Maarifa, ule unaoitwa QT.

Ndiyo maana Ijumaa jioni kwetu ni ya faili. Kila mtoto anachagua kazi mbili za wiki, nzuri moja na mbaya moja, tunaandika tarehe na kuzitia ndani. Vitabu vilivyosomwa, safari, vyeti vya kuogelea, barua za halmashauri, vyote humo. Tulipohama mji, mtu wa halmashauri alikuja akapitia faili, akanywa maji, akaenda zake.

Ndugu watapiga simu. Shule za bure ziko hapo mlangoni, nyie mnakaa na watoto ndani? Shangazi mmoja alidhani tumefukuzwa. Sibishani tena, namkabidhi simu mtoto amsomee shangazi ukurasa mmoja. Watoto nao wawe na jibu fupi kwa mtu atakayewauliza dukani kwa nini hawako shule: “Tunasomea nyumbani.” Inatosha, na waende na mtu mzima. Marafiki hawaji wenyewe. Timu ya mpira, kundi la familia nyingine zinazosomesha nyumbani, madrasa au shule ya Jumapili vinahitaji siku maalumu katika wiki, na vinahitaji dereva.

Mwisho, ulizia mlango wa kurudi kabla hujatoka. Barua ya kumwondoa mtoto ikishapokelewa, kiti chake kinaweza kupewa mwingine, hasa kwenye shule inayogombewa. Rafiki yangu mmoja aliandika barua yake Ijumaa kwa hasira, akabadili mawazo baada ya wiki mbili. Kiti kilikuwa kimeshachukuliwa na mtoto wa kwanza kwenye orodha ya kusubiri. Mwanawe sasa anapanda mabasi mawili kila asubuhi.