Kepo ya gitaa: kuichagua, kuifunga na kuitengeneza kwa penseli

Kepo ni kibanio kinachofungwa kwenye shingo ya gitaa ili kukandamiza nyuzi zote 6 kwa pamoja. Kila freti (kijiti cha chuma kilichokatiza shingo) unayopanda nayo inaongeza nusu toni. Mpigaji anabaki na kodi (sauti kadhaa zinazopigwa pamoja) alizozizoea, huku wimbo ukihamia kwenye kii, yaani sauti ya msingi, inayomfaa mwimbaji. Kodi za F, B flati au E flati, ambazo kwa kawaida hudai kidole cha shahada kilazwe juu ya nyuzi zote, zinapigwa kwa maumbo mepesi ya vidole.

Ukipewa karatasi ya kwaya iliyoandikwa "Doh ni F", yaani kii ni F, piga maumbo ya C na kepo freti ya 5, au ya D freti ya 3, au ya E freti ya 1. Kwa B flati, maumbo ya G freti ya 3 au ya A freti ya 1. Kwa E flati, ya C freti ya 3 au ya D freti ya 1. Kwa A flati, ya G freti ya 1.

Magitaa yakiwa mawili, msipige maumbo yale yale. La kwanza lipige C, F na G bila kepo. La pili lifungwe kepo freti ya 5 na kupiga G, C na D. Yote mawili yanatoa kodi zile zile, ila la pili linasikika juu zaidi na halimezwi na la kwanza.

Ipi ununue

Ya springi inafungwa kwa mkono mmoja kati ya wimbo na wimbo, lakini nguvu yake ni ile ile daima. Ya skrubu inachelewesha kidogo, ila unaamua mwenyewe ibane kiasi gani. Sisi tunashauri ya skrubu, kwa sababu matatizo mengi ya kepo yanatokana na kubana kupita kiasi.

Angalia pia umbo la ubao wa vidole. Gitaa la nyuzi za chuma kwa kawaida lina ubao uliobinuka kidogo, na upana wake karibu na kichwa ni kama milimita 43. Gitaa la nyuzi za nailoni huwa na ubao bapa wa milimita 52 hivi. Kepo bapa kwenye ubao uliobinuka inaacha nyuzi za pembeni zikivuma. Kepo iliyopinda kwenye ubao bapa inaziacha za katikati.

Kwa udi wa taarabu kepo haifai, kwani udi hauna freti. Kanuni, ala nyingine ya nyuzi ya taarabu, nayo haihitaji kepo: ina vijiwenzo vyake vya chuma, vinavyobadilisha urefu wa uzi na hivyo kupandisha au kushusha sauti.

Kuifunga

1. Tyuni gitaa (weka kila uzi kwenye sauti yake) kwanza bila kepo.
2. Weka kepo nyuma tu ya freti, upande wa kichwa cha gitaa, karibu kuigusa. Ikikaa juu ya chuma chenyewe, sauti inafifia. Ikikaa katikati ya nafasi, itabidi uibane zaidi.
3. Ishushe wima. Ukiiburuta inavuta nyuzi kando.
4. Piga uzi mmoja mmoja. Legeza mpaka mmoja uanze kuvuma, kisha kaza kidogo tu mpaka mvumo uishe. Hapo ndipo mahali pake.
5. Tyuni tena.

Nyuzi zikipanda juu ya sauti yake baada ya kufunga, usikimbilie kulaumu gitaa. Kepo inazisukuma kuelekea kwenye mbao, zinavutika zaidi, na uzi uliovutika zaidi hupanda. Legeza kepo kabla ya kugusa vigingi vya kukazia nyuzi.

Kwa anayeumia vidole

Hapa ndipo kepo inapomfaa sana anayeanza. Shusha kila uzi toni nzima, kutoka E-A-D-G-B-E hadi D-G-C-F-A-D, kisha funga kepo freti ya 2. Sauti inarudi ile ya kawaida, lakini mvutano wa nyuzi umepungua kwa karibu asilimia 20. Nafasi ya kwanza ya kukanyaga pia inakuwa fupi: kwenye gitaa lenye nyuzi za milimita 650, inatoka milimita 36 na nusu hadi 32 na nusu. Nyuzi zikigonga freti kwa ulegevu, shusha nusu toni tu na tumia freti ya 1.

Kama hata bila kushusha nyuzi gitaa linakuwa jepesi mno mara ukifunga kepo freti ya 1, basi mifereji ya kipande cha mfupa au plastiki kilicho kichwani, nyuzi zinapopita kwenda kwenye vigingi, haikuchimbwa vya kutosha. Mpelekee fundi. Usiichimbe mwenyewe kwa kisu. Ikizidi kina, nyuzi wazi zitavuma.

Ya penseli

Tafuta penseli ngumu ya pembe sita, na ukate ukanda wa tyubu ya baiskeli wenye upana wa sentimita 1 na urefu wa 30 hivi. Kata penseli izidi upana wa shingo kwa sentimita 1 kila upande. Ilaze juu ya nyuzi nyuma ya freti, funga ukanda kwenye ncha moja, upitishe nyuma ya shingo ukiuvuta, uzungushe ncha ya pili, urudi tena nyuma, na urudie mpaka zote 6 zitoe sauti safi.

Shida yake ni kwamba penseli imenyooka. Kwenye ubao uliobinuka, kingo ziko chini kuliko katikati kwa karibu milimita 1, hivyo uzi wa 1 na wa 6 huvuma. Usikaze zaidi: zungushia kipande chembamba cha tyubu kwenye penseli pale tu inapogusa nyuzi hizo mbili.

Fungua kepo ukimaliza kupiga, iwe ya dukani au ya penseli. Ikiachwa usiku kucha, mpira wake unaingia alama za nyuzi, na mpira wenye mifereji haukandamizi tena sawasawa.